Karani na Kona Yake ya Kahawa

Nisameheni kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu zingine zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, na maneno mengine nimeyaandika vile ninavyoyasikia. Niliishia darasa la nane. Kazi yangu ni kusuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, kwa hivyo vidole vyangu vimezoea mkonge kuliko karatasi. Mahali nimekosea, someni tu mbele, mtanielewa. Nimechukua wiki mbili kuandika haya, kwa sababu mtu ninayemwandika hangekubali kitu kilichofanywa haraka.

Sisi tulimwita Karani. Jina analo, lakini sijawahi kulitumia na sitaanza leo. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa huku kwetu, milima ya Kilungu. Mtu alipeleka matunda ya kahawa aliyochuma, yakapimwa, kisha yakamenywa na kuoshwa. Karani alisimama kando ya mizani na koti lake la kijivu na kalamu tatu mfukoni. Ukileta gunia, alitia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akatoa matunda ya chini kabisa, yale ambayo mtu huyaficha. Kama kulikuwa na ya kijani, alikuonyesha kwa kidevu turubai lililotandikwa kando. Ulirudi kando, ukamwaga gunia lote, ukaanza kuchambua moja moja huku foleni yote inakutazama. Kama yalikuwa mekundu matupu, alisema neno moja: "Pita."

Hakusema vizuri wala asante. Ilikuwa Pita tu. Mama yangu anasema alikuwa anatembea na hiyo Pita mpaka nyumbani, na jioni chai ilikuwa na utamu zaidi.

Nimeandika chai kwa makusudi. Watu wa mbali hawajui kwamba sisi tunaolima kahawa hatuinywi. Tuliiona ikiwa nyekundu mitini, tukaiona ikiwa nyeupe kwenye vitanda vya kukaushia, kisha lori likaibeba. Wakati inakuwa nyeusi iko mbali sana na sisi. Wazee wengine waliamini hata kwamba ukipika kahawa nyumbani kwako utashikwa na polisi. Mimi nimekua kati ya miti ya kahawa na sikuwa nimeonja hata tone. Na Karani pia, mtu aliyepima magunia ya kijiji kizima, hakuwa ameonja.

Alipostaafu, alimwachia kijana wake nyumba kubwa, akajenga kanyumba kadogo kando ya njia, karibu na kwetu. Ni chumba kimoja na jiko la nje. Ndani kulikuwa na kitanda, meza ya karatasi zake, na kiti kimoja chenye mgongo. Kiti kilikuwa chake. Mke wake, Mama Mwende, alikuwa akikaa kwenye ukingo wa kitanda au juu ya mtungi wa plastiki wa maji mlangoni. Hakulalamika, na sisi hatukuona ajabu, kwa sababu mama zetu wengi hukaa hivyo hivyo.

Kisha Mwende, binti yao aliyeolewa Ikutha, akajifungua mapacha, na Mama Mwende akashuka huko kwenye joto kumsaidia. Alisema ni miezi mitatu. Miezi mitatu ikaisha, mapacha wakaanza kutambaa, na hakurudi.

Sasa, Karani huongea na simu kwa kadiri ya umbali. Akiongea na mtu wa mji wa Wote, hapa karibu, anapaza sauti kidogo. Akiongea na Ikutha anapiga kelele. Na simu yake ni lazima aiweke sauti ya nje, kwa sababu hapendi kitu sikioni. Kwa hivyo siku alipomuuliza mke wake atarudi lini, sisi tuliokuwa tunapukuchua mahindi uani kwetu tulisikia jibu kama tuko nalo mezani.

"Baba Mwende," Mama Mwende akasema, pole pole kabisa, "huku nina mahali pa kukaa. Huko kwako nina mahali pa kufanyia kazi."

Tulisikia mapacha wakilia kule Ikutha, kisha simu ikakatika. Mama yangu aliendelea kupukuchua, lakini hindi alilolishika lilikuwa limeisha punje kitambo.

Kesho yake asubuhi Karani alikuja kwetu amevaa suruali iliyopigwa pasi. Huyo ni mtu anayepiga pasi suruali ya kwenda kuteka maji. Mkononi alikuwa na futi ya kupimia ya fundi. Alimsalimu mama, kisha akanigeukia mimi, jambo ambalo wageni hawafanyi, kwa sababu mimi nikisalimiwa hutazama chini mpaka mtu aende.

"Mwiitu," akaniita, kama vile kila mzee huku huita msichana, "wewe husemi ovyo. Kuja uniambie ni kona gani ya nyumba yangu inaweza kumkalisha mtu."

Ndivyo ilivyoanza kona ya kahawa.

Kwa nini kahawa, na si chai? Aliniambia mwenyewe, siku nyingine, huku amenipa mgongo akipiga msumari. Miaka mingi nyuma, wakitoka shambani, Mama Mwende alimuuliza: hii kitu tunachuma maisha yetu yote, ikifika mdomoni huwa namna gani? Na yeye akamjibu kwamba kazi yao ni kuchuma, si kuonja. Alinukuu jibu lake mwenyewe kwa sauti ile ya mizani, kisha akapiga msumari ukapinda.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuniambia. Nililijua kwa mama. Siku moja Karani alirudisha gunia la mke wake. Mvua ilikuwa imeanza, Mama Mwende alikuwa amechuma kwa haraka, na mkono wa Karani ukatoka na matunda manne ya kijani. Watu wote walidhani atafumba macho. Akaonyesha turubai kwa kidevu. Mama Mwende akakaa chini mbele ya foleni, akachambua gunia zima, akalirudisha. Karani akasema Pita. Usiku huo walikula pamoja kama kawaida. Lakini mama anasema tangu siku hiyo Mama Mwende hakupeleka tena kahawa mwenyewe. Alikuwa akimtuma kijana.

Watu hugawanyika juu ya hilo. Wengine husema alikuwa mtu wa haki, hata mchungaji aliwahi kurudishwa kwenye turubai na wote wakanyooka. Wengine husema haki kama hiyo hailali kitanda kimoja na mtu. Mimi sijui. Ninajua tu kwamba mtu huyo huyo hakuweza kumfukuza kuku. Kuku wetu walikuwa wakiingia kwake na kupanda juu ya meza, naye alisimama mlangoni akiwaambia kwa heshima kwamba hiyo si tabia nzuri.

Tuliichagua kona iliyo kati ya mlango na dirisha. Yeye alitaka ile ya nyuma ya kitanda kwa sababu haina matumizi. Nilitikisa kichwa. Akauliza kwa nini. Ilibidi niseme, na nikasema kwa sauti ndogo kwamba mtu hawezi kukaa mahali pa kuweka majembe. Karani akatoa kalamu moja, akaweka alama ukutani karibu na dirisha.

Kijana wake alimletea picha kwenye simu, za kona za kahawa za watu wa mjini. Zilikuwa na mashine zinazong'aa, vikombe vimepangwa kama askari, maandishi ya Kizungu ukutani. Karani aliangalia picha zote, moja moja, kama anachambua. Mwishowe akarudisha simu.

"Ni safi," akasema. "Lakini hapa mtu anakaa wapi?"

Kweli, picha zote zile hazikuwa na kiti.

Basi akaanza na kiti. Alichukua kile chake chenye mgongo, kiti cha mti wa mukau alichokalia tangu nikiwa mdogo, akakipiga msasa siku mbili, akakipaka mafuta, akakiweka kwenye kona kikitazama nje. Yeye akahamia kwenye kigoda cha miguu mitatu. Tangu siku hiyo hakukikalia tena kile kiti, hata nyumba ikiwa tupu. Nilimpata mara moja anakula akiwa amesimama.

Rafu ilichukua muda zaidi. Alitaka ubao wa kitanda cha kukaushia kahawa, na kule kiwandani kulikuwa na mbao zilizooza nyuma ya choo, watu walikuwa wanazichukua kuwa kuni. Mtu mwingine angepita na jioni akabeba. Karani aliiandikia kamati barua ya kuomba ubao mmoja, akaeleza urefu wake na nyufa zake, akapeleka kwa mkono. Kamati haikukutana kwa wiki saba. Alingoja wiki saba. Alipopewa, ubao ulikuwa umeoza zaidi, akapata wa kutosha rafu moja fupi. Akasema ni sawa, kwa sababu rafu ndefu hualika vitu vya ovyo.

Urefu wa kutoka chini ulinishangaza. Futi alikuwa nayo, lakini hakuitumia. Alitafuta ukutani msumari mmoja mdogo, ambao Mama Mwende alikuwa akitundika aproni yake, na rafu akaipiga usawa wa huo msumari. "Mkono wake unafika hapa bila kunyooka," akasema. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anaijenga kona yote kuuzunguka mwili wa mtu ambaye hayupo.

Ukuta tuliupaka kwa chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu wa kwetu uliochujwa kwa kitambaa. Rangi ilitoka kama tunda la kahawa lililokaribia kukauka. Alitaka kupaka chumba kizima, nikamwambia hapana, kona peke yake, ili mtu akiingia jicho liende hapo. Hiyo ilikuwa hapana yangu ya pili maishani kwa mtu mzima. Chini ya rafu alipiga kulabu za kutundika vikombe. Alikuwa na vikombe sita, hakuna viwili vinavyofanana, akatundika viwili tu. Sita, alisema, ni hoteli. Juu ya rafu akaweka mkebe wa punje, mizani ndogo ya kupimia viungo, chujio, na mche mdogo wa kahawa ndani ya mkebe wa rangi uliooshwa. Nilimsukia kiondo kisicho na chini, tukakivisha taa. Ukiwasha stima jioni, mwanga unatoka kwenye matundu ya mkonge na ukuta wote unajaa nukta, kama kuku wa madoadoa.

Mimi pia nilikosea. Nilikisukia kiti mto wa mkonge, nikauona mzuri sana. Karani alikataa kuukalia kwa sababu si wake, kwa hivyo mama yangu ndiye aliyeujaribu. Alikaa sekunde mbili. Alisema mtu akikalia hiyo kitu atarudi Ikutha kwa miguu. Tukauvisha leso.

Kona ilipokuwa tayari, kulikuwa na jambo dogo limebaki. Kahawa.

Karani alikuwa amekausha matunda ya miti michache iliyo nyuma ya nyumba, akayatwanga ganda likatoka, akapata punje safi, za kijani kibichi, nzuri kama shanga. Akazipima kwenye mizani yake. Akaziosha. Akaziweka kwenye sufuria na maji, akachochea moto, akatuita mimi na mama tuje kuonja.

Tulikaa masaa matatu. Alikuwa anazichemsha kama maharagwe. Kila mara alitoa punje moja na kijiko, akaibonyeza kuona kama imeiva, akaongeza maji. Hakuna aliyecheka kwa sababu hakuna aliyejua. Mama hata alishauri aweke magadi kidogo zilainike. Mwishowe akachuja, akatia maziwa, akatia sukari. Kahawa aliipima mpaka punje ya mwisho, lakini sukari alimwaga tu mpaka roho yake ikubali, sijawahi kuelewa. Akanipa kikombe na akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

Nikanywa. Nikasema ni nzuri.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni ya kumwambia mchungaji. Niambie ile ingine."

Nikatazama chini, nikasema, "Ni kama maji ya kuoshea miguu."

Mama alinipiga kofi begani. Lakini Karani alitoa kalamu, akaandika hayo maneno yangu nyuma ya kalenda. Yako huko mpaka leo. Nafikiri ndiyo siku niliyoanza kujua kwamba naweza kusema kitu na nyumba isianguke.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyetoka milima ya kahawa ya upande wa Mlima Kenya, ambaye ana duka la vyombo huko chini barabara ya Mombasa. Karani alishuka kununua sufuria nyingine, akidhani shida ni sufuria, akamweleza yote. Yule mama alicheka mpaka akashika meza. "Karani, na hizi si hukaangwa? Na hukusikia hata siku moja mtu akisema kahawa nyeusi?" Karani akajibu kwa ukweli kwamba alidhani huko wanaipaka kitu.

Alirudi na sufuria ya chuma na kiburi chake kimepunguzwa. Akaanza kukaanga. Ya kwanza iliungua, ya pili ilikuwa nje imeungua na ndani mbichi. Harufu ilipanda mlima. Mzee mmoja wa ng'ambo ya mto alikuja mbio kumwambia afunge dirisha asishikwe. Karani akamwambia akija mtu wa kumshika atampa kikombe. Alipojua kukaanga, alikosa cha kusagia, akaazima kinu chetu cha kutwangia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Hatukuwa tumefikiria. Wiki mbili nzima muthokoi wetu ulikuwa na rangi ya matope na ladha ambayo wadogo zangu hawajaisamehe. Mama alimpelekea sahani iliyojaa, akakaa mbele yake mpaka akamaliza.

Na siku moja, sijui ni sufuria ya ngapi, alinipa kikombe nami nikanywa, na sikutazama chini. Ilikuwa chungu, lakini chungu yenye kitu nyuma yake, kama mvua inavyonuka kabla haijafika. Nikanyoosha kikombe aniongeze. Naye akageuka upande wa dirisha akashughulika na chujio kwa muda mrefu kuliko chujio linavyohitaji.

Mama Mwende alikuja mwezi wa nane, kwa harusi ya mtoto wa dada yake. Alisema atakaa siku mbili. Karani hakulala. Alifagia uwanja mara tatu, akaning'iniza vikombe, akavishusha, akavining'iniza. Kina mama wanne wa ushirika wa kanisa walikuja naye kumsindikiza, na mimi na mama tukaingia pia, kwa hivyo chumba kilijaa, watu wamekaa kitandani na wengine kwenye mitungi. Kiti kile kwenye kona kilikuwa wazi. Mama Mwende alisimama mlangoni na mkoba wake. Aliangalia ukuta, akaangalia taa, akaangalia ule msumari wake wa zamani na rafu iliyo kando yake.

Akakaa. Aliegemea mgongo pole pole kama mtu anayejaribu maji kwa mguu.

Karani alipika mbele yetu. Akamimina, akampa kwa mikono miwili. Mama Mwende akanusa. Akanywa kidogo. Akakaa nayo mdomoni. Kisha akaweka kikombe juu ya rafu, mkono wake ukafika bila kunyooka, na akashusha ule mkebe wa punje. Akatia mkono ndani. Akautia mpaka chini kabisa.

Alitoa punje kwenye kiganja, akazigeuza kwa kidole. Moja ilikuwa imevunjika. Mbili zilikuwa zimepauka, hazikuiva motoni kama zingine. Akamwonyesha mume wake. Halafu akaonyesha sakafu, kwa kidevu.

Kina mama wa ushirika walitazama leso zao. Mimi nilitaka kutoka nje, lakini mlango ulikuwa nyuma yake.

Karani alichukua ungo. Akavuta suruali yake iliyopigwa pasi juu ya magoti, akakaa chini, kwenye saruji, akamwaga mkebe wote, akaanza kuchambua moja moja. Alichukua karibu saa nzima. Mke wake alikaa kwenye kiti akitazama nje ya dirisha, na hakuna mtu aliyeondoka. Mmoja wa kina mama alianzisha wimbo wa chini chini, kisha akauacha. Alipomaliza, Karani aliinuka kwa kushika ukingo wa kitanda, akakaanga upya zilizopauka, akasaga, akapika, akampa tena kwa mikono miwili.

Mama Mwende alikunywa yote. Watu wote walingoja.

"Kona ni nzuri," akasema. "Hata kiti ni kizuri." Akavaa viatu akaenda harusini.

Siku ya tatu akarudi Ikutha. Alisema mapacha wamezoea mgongo wake. Karani alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amebeba mkoba, na aliporudi alipita mbele ya nyumba yetu bila kusalimu. Mama yangu alisema hiyo sasa imekwisha, mtu amejenga nyumba ya ndege na ndege amekataa.

Karani alikuwa na msemo wake, aliokuwa akiurudia kila mtu alipomshauri asogeze hiki au kile. Alisema, "Kona haihami. Watu ndio huhama." Aliusema kuhusu rafu, kuhusu kiti, aliusema hata kwa kuku. Kwa hivyo asubuhi moja niliposikia misumari ikilia, nilienda mbio nikidhani anavunja kwa hasira. Nikamkuta anang'oa rafu kwa utaratibu, misumari anaiweka ndani ya kikombe. Kiti kilikuwa kimefungwa kamba. Taa yangu ya kiondo ilikuwa imefungwa kwa gazeti. Na mlangoni kulikuwa na mtungi wa lita ishirini umejazwa maji ya kisima chetu.

Nikamuuliza maji ni ya nini. Siku hizi huwa namuuliza.

"Maji ya Ikutha yana chumvi," akasema. "Sitaki asingizie maji."

Sikumwona tena kwa karibu mwaka. Mwezi uliopita nilienda Ikutha kutafuta mkonge, kwa sababu wa kule ni mrefu na bei yake si mbaya. Nilibadilisha gari Kibwezi, nikafika wakati soko la mbuzi limechangamka, vumbi mpaka kwenye meno. Nilimuuliza muuza kamba kama anamjua mzee mgeni aliyetoka Kilungu. Hakuniacha nimalize. "Yule wa kahawa? Fuata pua."

Kona iko kwenye veranda ya Mwende. Ukuta nyuma yake umepakwa ule udongo wetu mwekundu. Nafikiri aliubeba pia, chini ya nguo. Rafu iko kwenye kimo kile kile. Mche wa kahawa hauna furaha, joto limeuzidi, lakini una majani mapya mawili. Mapacha wanavuta kulabu za vikombe na kuambiwa kwa heshima kwamba hiyo si tabia nzuri. Karani amepungua mwili na amevaa kandambili, jambo ambalo sikutegemea kuliona. Suruali ilikuwa na mstari wa pasi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mama Mwende alikuwa kwenye kiti chenye mgongo, ameegemea kabisa, miguu imenyooshwa.

Nilikaribishwa, nikapewa kikombe, nikasema ni kizuri, na kilikuwa kizuri hata na chumvi kidogo. Karani alipoenda kufukuza mbuzi kwa maneno, nilimuuliza Mama Mwende kama na yeye hunywa. Akasema hunywa kila asubuhi. Nikamuuliza kama amempitisha. Akaangalia kule mume wake alipo, akainama karibu nami.

"Bado," akanong'ona. "Nikisema Pita, ataacha kuamka mapema."

Tulicheka mpaka mapacha wakaanza kucheka bila kujua ni nini.

Jioni Karani alinisindikiza mpaka kwenye gari na furushi langu la mkonge. Nilikuwa nimeapa sitasema kitu, lakini nilimwonea huruma. Mwaka mzima mtu anaamka kabla ya jogoo kungoja neno moja. Nikaanza kumwambia asife moyo, kwamba labda siku moja Mama Mwende atalisema.

Akanisimamisha kwa mkono.

"Mwiitu," akasema, "kila asubuhi nampa kikombe kimejaa. Kila asubuhi kinarudi. Mimi nimeshika mizani maisha yangu yote. Unafikiri sijui kikombe kitupu kina uzito gani?"

Akaniwekea furushi garini, akaangalia kama limekaa sawa, akalisogeza kidogo. Kisha akaniambia nisimwambie mke wake kwamba anajua.

Basi na nyinyi msimwambie. Kama mna kona nyumbani kwenu, hata kama ni kiti kimoja na kikombe kimoja, nitafurahi kujua mmeiweka wapi, na ni nani hukaa hapo. Tumeni barua kwa jarida hili na itanifikia. Msiogope mwandiko mbaya. Hautaushinda wangu, nami nitausoma pole pole kama ninavyoandika.